Nyumba ya Kupangisha Ina Kazi Yake

(Hotuba ya kikundi cha kujisaidia kutoka upande wa Kaloleni, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vikundi katika semina ya ofisi ya maendeleo ya kanisa.)

  

Tumeombwa tuzungumze juu ya nyumba za kupangisha, na sababu twaijua. Kuna vikundi hapa vilivyokwisha kununuliana mabati na matangi ya maji, sasa vina pesa benki, na kila mkutano husimama mtu akasema, "Tununue nyumba mjini, kisha tukae tungoje kodi." Ni neno tamu. Hata sisi lilitufurahisha. Hatukuja kumvunja mtu moyo, maana nyumba yetu ingali imesimama na wapangaji wamo. Tumekuja kuwaonyesha kazi yake iko wapi, ili atakayenunua ajue ananunua nini.

Nyumba yetu iko upande wa Changamwe, si mbali na barabara kuu ya kwenda Nairobi. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, mnazijua: mbele baraza, mlango mmoja mkubwa, ukumbi katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono huu, na nyuma uwani penye jiko, bafu na choo. Kuta ni za udongo na fito. Tuliinunua mwaka wa 2014 kwa shilingi 380,000 na kuitengeneza kwa shilingi 145,000. Jumla ni 525,000. Pesa hizo zilitoka kwa watu 22, wengi wetu akina mama, kwa makuti, nazi, mahamri na mbuzi wa hapa na pale, kwa muda wa miaka 6. Kila mmoja wetu alitoa karibu shilingi 23,900. Iwekeni hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Mtu akisikia vyumba 6 mjini kwa 380,000 huuliza, mbona rahisi hivyo? Ni rahisi kwa sababu tulinunua nyumba, hatukununua ardhi. Mombasa jambo hili ni la kawaida tangu wakati wa ukoloni: Majengo, Changamwe, Kisauni, Likoni, kote huko utakuta kiwanja ni cha mtu mmoja na nyumba iliyo juu yake ni ya mtu mwingine. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya mwezi, na yeye hupokea kodi ya vyumba kutoka kwa wapangaji. Watu wa bara wakielezwa hudhani wanataniwa. Lakini ndivyo ilivyo, na wako wazee waliozaliwa, wakaoa na kuzikwa kutoka nyumba ambayo ardhi yake haikuwa yao hata siku moja.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Sheria ya kawaida husema kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Desturi ya Mombasa husema nyumba ina mwenyewe na kiwanja kina mwenyewe. Mambo hayo mawili huishi pamoja kwa amani mpaka siku ya ugomvi, na siku hiyo ndiyo kila mtu huanza kutafuta karatasi chini ya godoro. Kwa hiyo kamati yetu iliamua kwamba hakuna mfuko hata mmoja wa simiti utakaobebwa kabla karatasi hazijakaa sawa. Ilichukua miezi minne. Wanachama walinung'unika, wengine wakasema tunaogopa ogopa bure, nyumba itachukuliwa na watu wengine. Haikuchukuliwa.

Karatasi zenyewe zilikuwa hivi. Aliyekuwa anauza alikuwa kijana aliyesema nyumba ni ya marehemu baba yake. Sawa, lakini baba akifa nyumba haiwi ya yule mtoto mwenye ufunguo. Marehemu alikuwa Mwislamu, na mambo yao ya urithi husikizwa kwa Kadhi, kwa hiyo tuliomba tuone amri iliyowataja warithi. Kumbe ni watano, na dada wawili wako Malindi. Tuliwafuata. Kila mmoja alitia sahihi mwenyewe, mbele ya wakili, akatoa na nakala ya kitambulisho. Nauli ya Malindi ilituuma, lakini fikiria dada mmoja akitokea miaka mitatu baadaye akasema, "Fungu langu mimi sikuuza." Utamwambia nini? Pesa zimeshaliwa na ndugu yake.

Kisha mwenye kiwanja. Huyu tulimfikia kupitia ajenti wake anayekusanya kodi ya viwanja. Tuliomba barua ya kututambua sisi kama wenye nyumba wapya, na tuliomba kuona risiti za kodi ya kiwanja. Yule kijana alikuwa na deni la miezi 19. Tulilikata katika bei, tukalilipa sisi wenyewe moja kwa moja kwa ajenti na risiti tukapewa sisi. Mwenye haraka angelirithi deni hilo pamoja na mchwa. Tulimwuliza ajenti pia, kwa maandishi, tunaruhusiwa kutengeneza kiasi gani. Jibu lilikuwa: kukarabati ruhusa, kubadilisha mabati ruhusa, kujenga kwa mawe hapana. Jibu hilo ndilo liliongoza kila shilingi tuliyotumia baadaye, na mtaona kwa nini.

Tulikwenda pia ofisi ya ardhi kutazama rejista, kile watu hukiita sachi, tuhakikishe kwamba huyo anayeitwa mwenye kiwanja ndiye aliyeandikwa. Ni ada ndogo. Kuna watu hulipa laki nne wakaona uchungu kulipa ada ya sachi.

Jambo la mwisho ni majina. Mkataba uliandikwa kwa majina ya watu watatu tuliowachagua, lakini haukuishia hapo. Uliandikwa wazi kwamba watatu hao wanaishika nyumba kwa niaba ya kikundi, ukataja kikundi na namba ya cheti, na kumbukumbu za mkutano zenye sahihi za wanachama wote 22 zikabandikwa nyuma. Mwaka wa 2019 mmoja wa wale watatu, mzee wetu, Mungu amlaze mahali pema, aliaga dunia. Baada ya arobaini wanawe walikuja kwa heshima wakauliza fungu la baba kwenye nyumba ya Changamwe. Tuliwafungulia mkataba wakasoma wenyewe. Waliona kwamba baba yao alikuwa na fungu moja kati ya 22, sawasawa na mama anayeuza mahamri, na fungu hilo sasa ni la mama yao. Tulikunywa chai, wakaenda zao. Bila yale maneno ya "kwa niaba ya", pengine tungekuwa mahakamani hadi leo.

Mtaniuliza, na kama kikundi kinanunua ploti yenye hati huku kwetu? Hapo mambo ni mengine, na sitakaa sana. Ikiwa ni ardhi ya shamba mtahitaji ruhusa ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mwenye kuuza akiwa na mke au mume, huyo naye akubali. Wakili wenu atawaeleza.

Haya, tuje kwenye kutengeneza.

Fundi wa kwanza alitupigia hesabu ya kupiga plasta ya simiti nyumba nzima, ndani na nje. Alisema itang'aa kama ya mawe. Bahati nzuri tuna akina baba wazee katika kikundi waliojenga nyumba za udongo maisha yao yote, wakakataa. Ukuta wa udongo hulowa na kukauka, hutanuka na kunywea. Plasta ya simiti ni ngumu, haifuati. Masika moja au mbili inapata nyufa, maji yanaingia nyuma yake yanakaa huko, halafu plasta inaanguka mapande mazima na kushuka na udongo wake. Sisi tulitumia udongo kuziba, kisha chokaa juu. Chokaa huhitaji kurudiwa kila baada ya masika, ni kweli, lakini kazi hiyo tunaifanya wenyewe kwa siku mbili, akina mama kwa akina baba, na gharama yake si kitu. Simiti tuliiweka chini tu, kibaraza cha kuzunguka nyumba upande wa nje, ili matone yanayotoka juu yasirukie mguu wa ukuta. Nyumba ya udongo hufa kuanzia miguuni.

Kabla ya hapo fundi aligonga kila boriti kwa nyundo. Inayolia kama debe tupu imeliwa na mchwa ndani hata kama nje ni nzima. Kumi na moja zilikuwa debe tupu. Katika paa tulinunua mabati ya geji 28. Dukani watawaonyesha ya geji 30 na 32, ni ya bei nafuu, na mtu asiyejua hudhani namba kubwa ndiyo nene. Ni kinyume chake. Na upepo wa bahari una chumvi, bati jembamba huku halina maisha. Wengi hapa mwajua kwamba sisi twauza makuti, na palikuwa na maneno makali kwamba kikundi cha makuti kinaezeka kwa mabati. Ni kweli makuti yana baridi nzuri, wapangaji wenyewe husema chumba ni moto mchana. Lakini makuti hurudiwa kila baada ya miaka michache, na nyumba zimebanana, jiko moja likiwaka vibaya mtaa mzima umekwisha.

Kuna jambo nataka tulitaje ingawa halina heshima mbele ya chakula, nalo ni choo. Watu wakinunua nyumba huangalia rangi. Waangalie choo. Vyumba 6 ni watu 18, pengine 20, na shimo moja. Shimo likijaa hamna tena nyumba ya kupangisha, mna ugomvi. Gari la kunyonya choo mtaani kwetu haliwezi kuingia, njia ni nyembamba, kwa hiyo huja na bomba refu na bei huwa ndefu vilevile. Na kisima cha jirani kiko hatua chache kutoka mashimo ya watu wanne. Maji yake yana chumvi, na sisi twawaambia wapangaji wasiyanywe, ni ya kufulia na kusafishia tu. Ya kunywa hununuliwa kwa mtungi kwa wenye mikokoteni, maana maji ya bomba Mombasa hayatoki kila siku. Tuliweka gata na tangi la lita 1,000, na sisi twaamini tangi hilo ndilo limetuwekea wapangaji kuliko kitu kingine chochote. Mama akiwa na maji ya mvua ya kuogesha watoto hahami kwa tofauti ya shilingi mia mbili.

Kwa hiyo mpango wetu ulikuwa paa, halafu choo, halafu kuta, rangi mwisho. Wanachama walitaka rangi kwanza. Rangi hupendeza kwenye picha.

Wapangaji. Hapa ndipo penye kazi ya kila siku, na penye maneno.

Kodi yetu ni shilingi 2,500 kwa chumba, kulipwa kabla ya tarehe 5, na amana ya mwezi mmoja. Kwenda Changamwe kudai kodi ni nauli kupitia Mazeras, na ukifika mpangaji hayuko. Ndiyo sababu tuna keateka. Ni mama mtu mzima, mpangaji wa chumba cha mbele, analipa 1,000 badala ya 2,500, na kazi yake ni kufagia uwani, kufunga mlango mkubwa usiku, na kutupigia simu bati likivuja. Pesa hashiki. Hilo tumelisema kwa kumlinda yeye, si kwa kumshuku. Mpangaji anatuma kwa M-Pesa kwenye namba ya kikundi, na si kwa simu ya mweka hazina. Mweka hazina anaandika katika daftari na risiti inakwenda kwa keateka. Risiti za kaboni bado twatumia. Simu hupotea, daftari liko kabatini kwa katibu.

Mita ya stima ni moja. Kila mwezi palikuwa na kelele: fulani ana friji, fulani anapika kwa koili, na tokeni inakwisha usiku wa manane. Sasa kila chumba kina mita yake ndogo, na kila mtu anachangia alichotumia. Taa ya ukumbi na ya choo ni ya kikundi.

Sasa wapangaji wenyewe ni nani? Ni vibarua wa bandarini, mama wa viazi karai, dereva wa lori na utingo wake, kijana wa jikoni katika hoteli ya pwani. Kodi yenu inategemea kazi za watu hao, kwa hiyo lazima mjue kalenda yao. Hoteli za pwani hulala kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita, wakati wa masika, na wale wa mkataba mfupi hurudishwa nyumbani. Ndio wakati huo huo mvua inavunja bati lenu na choo kinajaa. Mizigo ya bandarini ilipohamishiwa reli mpya kuanzia mwaka wa 2018, malori yalipungua na upande wetu wa Changamwe uliona mara moja: vyumba viwili vyetu vilivyokuwa na watu wa malori vilikaa tupu kwa miezi. Mwaka wa 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, Mombasa ilifungwa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Julai. Sisi tuko Kilifi, nyumba iko Mombasa. Tulikaa karibu miezi mitatu hatuwezi kuvuka kwenda kuitazama. Kodi iliyoingia ilitosha kodi ya kiwanja na choo tu. Tulishukuru kwamba nyumba haikununuliwa kwa mkopo. Benki haijui masika wala korona.

Januari ni mwezi wa peke yake. Mpangaji hulipa karo, kwa hiyo hakulipi wewe. Na mwanachama naye anataka mgao Januari, kwa sababu naye ana karo! Miaka ya kwanza mkutano wa Januari ulikuwa moto. Mwishowe tuliuhamisha mgao kwenda mwezi wa nane, baada ya masika kwisha na hoteli kufunguka, na anayetaka pesa ya karo anajua aiweke tangu mwezi huo.

Kuhusu asiyelipa. Tulikuwa na mama mmoja, mume alimkimbia, watoto watatu, deni la miezi minne. Katika mkutano kijana wetu mmoja alisema, "Tung'oeni mlango, atahama mwenyewe." Mnajua ndivyo wenye nyumba wengi hufanya, hung'oa mlango au bati moja juu ya kitanda. Kikundi kilikataa, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, sisi ni watu wa kanisa na mama yule angeweza kuwa binti yetu. Ya pili ni ya sheria, na hii muiandike: chumba ambacho kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi kinalindwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Huwezi kumtoa mtu bila amri ya baraza linalosikiza kesi hizo, wala kumpandishia kodi unavyotaka, na kumsumbua mpangaji kusudi ahame ni kosa. Kwa vyumba vya duka kuna sheria nyingine na baraza lingine, na notisi si chini ya miezi miwili. Kwa hiyo tulikaa na mama yule, tukaandikiana. Alihamia kwa dadake mwisho wa mwezi, amana ikafuta mwezi mmoja, na deni lililobaki alilipa kidogo kidogo. Hakumaliza. Shilingi 3,000 tumezifuta katika daftari kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyekonda.

Wengine kati yetu bado husema tulikuwa laini. Nasi twawajibu kwamba laini ina hesabu yake. Chumba kinachobomolewa mlango kinahitaji mlango mpya, na mtaa mzima husikia.

Sasa hesabu. Vyumba 6 kwa 2,500 ni 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Namba hiyo ndiyo mtu huisimulia akiuza nyumba. Mwaka jana ilikwenda hivi. Toa 18,000, nafuu ya keateka. Toa 12,500, vyumba vilivyokaa tupu, jumla miezi mitano. Toa 8,000 za madeni ambayo hayakulipwa. Tulipokea 141,500. Matumizi: kodi ya kiwanja 12,000; kunyonya choo mara mbili 14,000; matengenezo 33,000, nyingi katika hizo zikiwa za choo na boriti; nauli na simu 6,500; stima ya ukumbi na choo 3,600. Jumla 69,100. Zilibaki 72,400. Katika hizo 20,000 tuliziweka akiba ya paa, haziguswi. Zilizogawanywa ni 52,400 kwa watu 22, yaani shilingi 2,380 kwa kila mmoja. Shilingi 40 zilizobaki mweka hazina alinunulia kalamu.

Kwa hiyo mtu aliyetoa karibu 23,900 anapata 2,380 kwa mwaka. Ni miaka 10 kurudisha pesa yake, mwaka ukiwa mzuri. Kuna mbuzi wanaofanya vizuri kuliko hapo. Lakini mbuzi huibiwa na huugua, na nyumba hii hufanya kazi hata sisi tukiwa shambani. Kila kikundi kipime chenyewe.

Juu ya ushuru tuseme kwa kifupi. Kodi za nyumba za kuishi zikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, KRA hudai asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, bila kutoa gharama, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10. Sisi na 180,000 zetu hatujafika huko. Kikundi chenye vyumba vingi kijue.

Tumebakisha jambo moja, na hili ndilo lililotufanya tukubali kuja, kwa sababu tunahitaji mawazo yenu.

Kila mwaka kuna mwanachama anayesema tubomoe udongo tujenge mawe, vyumba vyenye choo ndani, tupate 6,000 kwa chumba. Hesabu yake si mbaya. Lakini ajenti alikataza mawe, na sisi tuliona kilichowapata jirani zetu wa mtaa wa nyuma. Kiwanja chao kiliuzwa wao wakiwa juu yake. Mwenye kiwanja mpya aliwapa notisi. Waliokuwa na nyumba za udongo walishusha mabati, wakang'oa milango na boriti nzima, wakapakia wakaondoka na kitu mkononi. Wawili waliokuwa wamejenga mawe kimyakimya walikwenda mahakamani, na hadi leo twawaona kila mara na faili kwapani. Ndiyo sababu sisi tumetia pesa katika vitu vinavyoshuka na kubebeka: mabati, boriti, milango, tangi. Ukuta umepata udongo na chokaa tu.

Sasa mwaka huu ajenti ametuita. Mwenye kiwanja alifariki, na warithi wake wanataka kuuza. Wamesema wenye nyumba ndio watakaoulizwa kwanza. Kiwanja chote kina nyumba tisa juu yake, kwa hiyo hatuwezi kununua peke yetu. Lazima wenye nyumba wote tisa wakubaliane, aletwe mpimaji, kaunti ikubali kukigawa, na kila mmoja apate hati yake. Wawili kati ya wenye nyumba hao hawana pesa kabisa, ni wajane wanaoishi kwa hicho hicho chumba wanachopangisha. Akiba yetu ya paa haifiki hata robo ya fungu letu. Tungelazimika kuchanga upya miaka mitatu, pengine minne, bila mgao. Akina mama wengine wamefika umri ambao miaka minne si jambo la kuahidi.

Nusu ya wanachama wanasema tununue, tupate ardhi, ndipo tujenge kwa mawe bila hofu. Nusu wanasema tuuze mabati, tugawane, twende nyumbani. Mkutano wetu wa kuamua ni baada ya mavuno.

Kwa hiyo kama kuna kikundi hapa kilichowahi kununua kiwanja pamoja na majirani, twaomba mtutafute wakati wa chakula. Twataka kujua mlifanyaje na wale wasio na pesa, na hati ilikaa kwa nani wakati wa kugawa. Katibu wetu amekaa pale mstari wa pili, ndiye aliyeshika daftari. Anayetaka kuziona hesabu kwa macho yake amwendee, halina siri.